Shirika letu la afya limeandikwa vibaya: tunyamaze au tujibu?

Ndugu, unasema gazeti limeandika kwamba michango yenu inaishia kwenye mishahara na magari, mgonjwa mmoja naye analalamika, na mkurugenzi anataka mnyamaze mpaka upepo upite. Mimi nisingenyamaza. Ila kabla ya kujibu, kaeni na mhasibu leo hii mjue lipi ni kweli. Kukanusha jambo ambalo kesho risiti zitalithibitisha ni kujimaliza.

Kama kuna ukweli, semeni wenyewe, mkitaja mtakachobadilisha na lini. Mwaka 2001 shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lililaumiwa vikali kwa kutaka kutenga sehemu ya michango ya waathirika wa Septemba 11 kwa mahitaji mengine. Novemba mwaka huohuo likatangaza kuwa mfuko wote utawaendea waathirika. Hoja za kujitetea zilikuwepo, lakini wachangiaji walitaka pesa zifike walikoambiwa zitafika.

Kama habari ni ya uongo, mwandikieni mhariri, mkiambatisha hati, mkiomba masahihisho. Vitisho vya mahakama viwekeni pembeni kwanza. Mara nyingi huifufua habari iliyokuwa inakufa.

Jambo moja msilifanye hata mkichokozwa: kuanika siri za yule mgonjwa ili mjisafishe. Elezeni taratibu zenu bila kugusa faili lake.

Msemaji awe mmoja. Wafanyakazi wasikie kutoka kwenu, si gazetini, na wafadhili wakubwa wapigieni simu. Barua pepe haitoshi.