Muulize Fundi: Morris Minor ya 1969 itapita ukaguzi?

Swali

Shikamoo fundi. Mume wangu amenunua Morris Minor ya mwaka 1969 kwa mzee mmoja aliyekuwa akiihifadhi bandani. Mzee alituapia kwamba gari lilipita MOT, yaani ukaguzi wa magari wa Uingereza, kila mwaka mpaka 2018, na tangu hapo halikupelekwa tena kwa kuwa sheria hailitaki. Jirani yetu anasema magari ya zamani ni bahati nasibu: mwaka huu linapita, mwaka ujao linakataliwa. Mume wangu naye anauliza, la nini kulipeleka wakati halilazimiki? Tena anataka kulifunga breki za diski mbele, na mimi naogopa hilo litatuharibia msamaha wa ukaguzi. Tumsikilize nani?
Mama wa watoto wawili, Leicester

Jibu

Marahaba, mwanangu. Lipelekeni, na msingoje lianze kulia.

Jirani yenu nampinga kwanza, maana maneno yake nayasikia kila siku hapa gereji. Minor ikitunzwa inapita mwaka hadi mwaka. Mimi nimekulia Tanga katika gereji ya mjomba, enzi ambazo Minor zilikuwa gari za walimu na makarani, na nilipofika Uingereza nikazikuta hizohizo juu ya lifti. Ni gari lenye vitu vichache, na vinavyoliangusha kwenye ukaguzi vinajulikana. Hakuna bahati hapo.

Watu wengi wanahofia injini kuukuu na moshi. Kwa gari la petroli lililoanza kutembea kabla ya Agosti 1975, mkaguzi hachomeki kipimo cha gesi kwenye bomba la moshi. Anatazama moshi kwa macho, basi. Kazi yenyewe iko chini ya gari.

Kutu ndiyo adui mkubwa. Kule kwetu pwani ni hewa ya bahari, hapa ni chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi, inarukia chini na kukaa kwenye mikunjo ya bati usikoiona. Mkaguzi anagongagonga vizingiti vya chini ya milango, vishikio vya springi za nyuma, na mhimili unaokatiza chini ya viti vya mbele. Kutu iliyokula bati ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhika springi, usukani, breki au mkanda wa kiti inafelisha gari. Na akikuta tundu limezibwa kwa puti na kupakwa rangi nyeusi, hapiti mtu. Panatakiwa bati jipya lililochomelewa mshono mzima. Nikiona rangi nyeusi mbichi chini ya gari linalouzwa, mimi huomba ruhusa ya kuikwangua.

Halafu kingipini za mbele. Kwenye Minor nguzo inayobeba gurudumu ina hesi juu na chini, nayo inazunguka ndani ya vishikio vyake kila unapokata kona. Bila grisi hesi zinalika, siku moja ya chini inachomoka na gurudumu linajikunja ndani ya madigadi. Dawa yake ni kupiga grisi juu na chini, kila upande, kila baada ya maili 1,000 hivi, gari likiwa limenyanyuliwa ili grisi ipenye. Mumeo alinyanyue mbele, ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, asilitoe nje ya geti mpaka ajue kinachocheza ni nini.

Breki ya mkono nayo inawaangusha wengi bila kutarajia. Minor ilitoka kiwandani na breki za njia moja ya mafuta: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Kwa sababu hiyo breki ya mkono ya gari la aina hii inadaiwa nguvu zaidi, asilimia 25 ya uzito wa gari, wakati yenye njia mbili inadaiwa 16. Kebo iliyokaa bandani miaka haifikishi 25. Mkifika mwambieni mkaguzi kwamba ni njia moja, ili apime inavyostahili, na ikibidi tafuteni gereji iliyozoea magari ya umri huo. Yako mengine madogo, shokomzoba zinazovuja, taa zinazofifia kwa sababu waya wa ethi umeshika kutu, maji ya wipa; hayo yanamalizwa nyumbani Jumamosi moja.

Sasa habari ya mzee na kiapo chake. Huenda anasema kweli, lakini hamna haja ya kumwamini wala kumshuku. Ingizeni namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT. Ni bure, na mtaona kila ukaguzi tangu 2005 au karibu na hapo: siku, maili, sababu za kufeli, na maangalizo, yaani kasoro alizoonya mkaguzi bila kulifelisha gari. Mimi huanza na maangalizo. Kama 2015 na 2016 imeandikwa kutu kwenye kishikio cha springi, halafu 2017 hamna neno, ulizeni nani alichomelea na risiti iko wapi. Tazameni na maili. Gari lililofeli breki likatengenezwa na kurudi wiki hiyohiyo, huku likitembea maili zake kila mwaka, nalipenda kuliko lililopita safi kila mara lakini maili hazisogei. Gari lisilotembea linakauka mpira wa breki na kushika kutu ndani ya ngoma za breki. Na hata likiwa lilipita vizuri, cheti kinasema habari za siku ile tu. Tangu 2018 ni miaka mingi.

Mumeo yuko sahihi kuhusu sheria. Kuanzia tarehe 20 Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki kupelekwa MOT, mradi halijabadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Lakini wajibu wa kuwa na gari salama haukusamehewa. Askari akimkuta na gari la hatari, faini inafika pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni. Ukaguzi wenyewe hauzidi pauni 54.85. Mimi siangalii hata hiyo faini, naangalia hao watoto wawili watakaokaa nyuma. Kwa bei hiyo mtu mwingine mwenye macho mapya analala chini ya gari lenu na kuwaambia alichokiona. Likifeli, liacheni palepale litengenezwe. Likirudiwa ndani ya siku 10 za kazi, marudio ya vile vilivyofeli hayalipiwi.

Breki za diski zisikutie hofu. Badiliko la kuongeza usalama halihesabiwi kuwa limeligeuza gari, kwa hiyo msamaha unabaki. Atunze risiti na picha. Ila ningemwomba, akiwa keshafungua breki, abadilishe pia masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, aweke ya njia mbili. Ile ya asili imefichwa kwenye mhimili chini ya miguu ya dereva, na kuangalia mafuta yake ni mpaka ukunje zulia, ndiyo maana wengi hawayaangalii.

Na kodi ya barabara: kwa gari la umri huo ni sifuri, lakini lazima iombwe kila mwaka kama kawaida. Aombe wiki hii, na bima iwe tayari kabla gari halijatoka kwenda kukaguliwa.