Muulize Fundi: Umeme upo, friji inagoma

SWALI: Fundi shikamoo, mi nakaa Mbagala ila mama yuko kisiwani kijijini, nikamnunulia friji Kariakoo ikaenda na boti, sasa ikifika saa moja jioni taa inafifia inakuwa nyekundu kama mshumaa na friji inanguruma tu haiwaki. Nimeuziwa mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Friji yako nzima, huo ni umeme mdogo. Watu wanadhani kebo ya baharini ikifika basi kazi imeisha, Pemba waliungwa na Tanga mwaka 2010 kwa kebo ya kilovolti 33 wakaachana na majenereta ya dizeli, lakini waya wa kijijini ni habari nyingine kabisa. Nyumba ikiwa mbali na transfoma, waya mwembamba, na jioni kila mtu kawasha, zile volti 230 zinaliwa njiani. Dawa yake transfoma isogezwe karibu, waya uwe mnene, nyumba zigawanywe fezi zote tatu, yaani zile nyaya tatu zinazoleta umeme, zisirundikane kwenye mmoja. Stebilaiza, kile kifaa cha kuweka volti sawa? Inasaidia kidogo, volti zikishuka sana nayo inakata. Fundi apime jioni siyo mchana, maana mchana atakuta shwari, kisha mama na majirani wapeleke malalamiko pamoja. Kwa sasa friji aichomoe jioni airudishe watu wakilala, la sivyo kompresa, ile mota ya friji, inaungua.