Residensi ya wauguzi Marekani: jibu kwa wadogo zangu mnaohitimu

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli kwamba huku Marekani muuguzi aliyehitimu juzi huanza kwa residensi, yaani kipindi cha kufanya kazi huku akiongozwa na kufundishwa, kama daktari, kama hulipwa, na kama njia hiyo yaweza kumleta mtu aliye nyumbani. Nitajibu waziwazi, kwa sababu wapo mawakala wanaochukua fedha za wazazi kwa kuahidi nafasi hizi.

Residensi ya muuguzi si sharti la leseni. Aliyefaulu mtihani wa NCLEX-RN na kusajiliwa na bodi ya jimbo ni muuguzi kamili kisheria. Hospitali ndizo zilizoona kwamba hilo halitoshi, kwa kuwa wahitimu wengi walikuwa wakiacha kazi kabla ya kutimiza mwaka, na mwaka 2010 ripoti ya Institute of Medicine, taasisi ya Marekani ya ushauri wa masuala ya afya, kuhusu mustakabali wa uuguzi ikapendekeza programu hizi zienezwe. Ni ajira yenye mshahara, na kwa kawaida hudumu miezi 12.

Mwanzoni unafuatana zamu kwa zamu na muuguzi mzoefu, na wagonjwa unaokabidhiwa huongezwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa katika wodi za kawaida na kwa muda mrefu zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Baada ya hapo wahitimu mlioanza pamoja hukutana, mara nyingi kila mwezi, kujadili mgonjwa anayezidiwa, makabidhiano ya zamu na kifo.

Kwangu mimi, faida kubwa zaidi ilikuwa kujifunza kusema. Wengi wetu tumelelewa kutombishia mkubwa, na kumpigia daktari saa tisa usiku kumwambia kwamba kipimo cha dawa alichoandika kinanitia shaka kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Lakini huku muuguzi aliyeona hatari akanyamaza huulizwa kwa nini alinyamaza. Katika residensi tulifundishwa utaratibu wa SBAR, yaani kueleza hali ya mgonjwa, historia yake, tathmini yako, kisha unachopendekeza, na tukaurudia mbele ya wenzetu hadi woga ukapungua. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mgonjwa yuko salama mikononi mwangu.

Sasa kuhusu safari. Programu nyingi hutaka mtu aliyehitimu karibuni, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na mwenye kibali cha kufanya kazi tayari. Muuguzi anayetoka nje huhitaji leseni, cheti cha VisaScreen (kinachothibitisha elimu, leseni na Kiingereza chake kwa ajili ya viza) na, kwa wengi, viza ya EB-3, yaani ya ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira, ambayo foleni yake yaweza kuchukua miaka, kwa hiyo hadi afike hahesabiwi tena kuwa mhitimu mpya. Kwa maoni yangu, fanyeni kazi huko huko wodini huku mkijiandaa kwa NCLEX, maana waajiri wanaoleta wauguzi kutoka nje kwa kawaida hutafuta wenye uzoefu.

Mkipata mkataba wowote, usomeni wote kabla ya kutia sahihi. Hospitali kadhaa humfunga muuguzi kwa miaka miwili au zaidi na kumdai fedha akiondoka mapema. Ulizeni kiasi hicho, kama hupungua kadiri miezi inavyopita, na ni wiki ngapi mtaongozwa kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yenu. Majibu hayo yadaini kwa maandishi.