Kilo zako na mimba unayoitaka

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Arua. Unauliza kama ni kweli alivyosema nesi huko Kampala, kwamba upunguze kilo kabla ya kushika mimba, ilhali mama mkwe wako anafurahi ulivyonawiri na kusema mwili ndio nguvu za kuzalia.

Nesi amesema kweli. Mama mkwe anakupenda, mheshimu, ila kwa hili usimfuate. Umeniambia una kilo 88 na urefu wa mita 1.60. Zidisha urefu kwa urefu, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo: unapata 34, ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI). Uzito unaofaa ni kipimo cha 18.5 hadi chini ya 25. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hapo presha hupanda upesi mimba ikiingia, na ikizidi huleta kifafa cha mimba. Kisukari nacho hukaribia. Damu inaweza kuganda mguuni, bonge likapanda hadi mapafuni. Ukipasuliwa, kidonda huchelewa kupona.

Lakini usiogope, mama. Marekani, jimbo la Washington, walichunguza wanawake zaidi ya 700,000 waliojifungua kati ya 2004 na 2013. Waliopata matatizo mazito au kufa walikuwa kama 143 kwa kila 10,000 kwa wenye uzito unaofaa, na 203 kwa wenye kipimo cha 40 na zaidi. Walio wengi, hata wanene, walijifungua salama. Na wembamba kupita kiasi? Kama 171! Kwa hiyo sitaki kusikia unashinda njaa.

Hofu yangu ni kwamba hapa kwetu damu na daktari wa upasuaji haviko kila kituo. Ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 inasema Uganda akina mama 189 hufa kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa. Imepungua kutoka 336 mwaka 2016, namshukuru Mungu, bado ni wengi.

Acha soda na chapati za kila asubuhi. Posho (ugali) na matoke punguza, dodo (mchicha) na maharagwe ongeza, jioni mtembee na mumeo. Hata kilo tano zikitoka, presha hupata nafuu. Anza sasa vidonge vya foliki (vitamini ya folic acid). Mimba ikishaingia, usijikondeshe tena. Nenda kliniki kabla ya wiki 12, mpange kuzalia hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Nesi alikupima presha? Nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Mama yako