B650 kwa Ryzen 9, hapa Malindi

Ndugu, umeuliza kama madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipseti ya AMD ya B650, ya bei ya kati, itaimudu prosesa ya Ryzen 9 7950X. Itaimudu, lakini taa za rangi zisikuchukue macho. Tazama VRM, ile sehemu inayoipa prosesa umeme. Prosesa hiyo ni ya wati 170, na ikibanwa na kazi hufika 230. Bodi yenye hitisinki (kipande cha metali cha kupoza joto) nyembamba, au isiyo nayo upande wa juu, itachemka na prosesa itapunguza kasi, hasa na joto letu la Machi. Chagua yenye hitisinki nene zilizokazwa kwa skrubu, na uweke feni ya kutoa hewa nyuma ya kesi ya kompyuta.

RAM weka vijiti 2 vya GB 32, si 4 vya GB 16. Vikiwa 4, kasi rasmi ya DDR5, aina ya RAM ya bodi hizi, hushuka kutoka MT/s 5200 (uhamisho wa data milioni 5200 kwa sekunde) hadi 3600.

Ukipata bodi iliyotumika, fungua soketi, pale inapokaa prosesa, umulike kwa tochi. Pini za AM5, soketi ya bodi hizi, ziko kwenye bodi, na moja tu ikipinda yaweza kuua chaneli (njia ya data) nzima ya RAM. Kagua pia kutu ya kijani kwenye milango ya nyuma, maana chumvi ya pwani haina huruma.