Dinosaria "huyu" au "hili"? Na zile za mgongoni ni magamba kweli?

Swali: Mwalimu mmoja anaandaa bango la ukutani kwa ajili ya darasa lake, kachora kentrosauri, yule dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, na chini yake kaandika: "Kentrosauri ni dinosaria yenye magamba, ilikula majani, na ndugu wake ni stegosauri na ankilosauri." Mwalimu mwenzake akapitisha kalamu nyekundu, akaweka "lenye" na "lilikula", kisha akafuta neno dinosaria akaandika "mjusi". Anauliza nani yuko sawa.

Jibu: Mwalimu, hapo hakuna aliyeshinda, samahani.

Tuanze na ngeli manake ndo inayosumbua wengi. Dinosaria ni mnyama, basi anaenda na wenzake kina kobe na kiboko: dinosaria huyu, dinosaria hawa, mkubwa, wakubwa, alikula, walikula. Kuna watu wanasema eti si alishakufa, amebaki mawe tu, kwa hiyo ni "hii". Jamani, kufa hakumtoi mtu kwenye ngeli, mbona marehemu tunasema "marehemu alikuwa mcheshi" na hakuna anayeshtuka? Nadhani hiyo "ilikula" inatokana na kusoma habari za mifupa, mifupa ndo *ilichimbwa* na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ndo *ilibebwa* vichwani na wapagazi kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi ikapakiwa melini kwenda Berlin, na mpaka leo *iko* kule makumbusho. Lakini aliyekula majani ni yeye mwenyewe, si mifupa yake. Hiyo "lilikula" ya mwenzako siyo kosa la moja kwa moja, ni ya kukuza, kama mtu anavyosema "joka lile lilipita hapa", unaitumia ukitaka watoto watoe macho. Sasa kwa kentrosauri mi naona unamkuza bure, alikuwa na urefu wa mita nne na nusu hivi tena sehemu kubwa ni mkia, kwa viwango vya ukoo wao huyo ni mdogo.

Mjusi je? Najua Tanzania tumezoea, tukisema "mjusi wa Berlin" kila mtu anaelewa ni lile zee la shingo ndefu lililotoka Tendaguru hiyohiyo, na kama jina la mazoea sina ugomvi nalo. Hata Mwingereza Richard Owen alipobuni jina dinosaria mwaka 1842 aliunga maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Ila kwenye bango la darasani usiliweke, kwa sababu dinosaria hakuwa mjusi, yuko karibu zaidi na mamba, na kuku wako wa uani ndo damu yake kabisa, mtoto akijifunza kwamba ni mjusi atamtafuta ukutani karibu na taa.

Magamba sasa. Gamba tunalijua, la nyoka, la samaki, lile la samaki unakwangua linatoka. Vile vitu vya mgongoni kwa kentrosauri vilikuwa mfupa uliomea ndani ya ngozi, shingoni na mgongoni mbele ni vipande bapa vilivyosimama wima, ukirudi nyuma vinakuwa vyembamba mpaka kuelekea mkiani ni ncha tupu, na begani nako kila upande una mwiba wake. Vile bapa mi ningeviita mabamba, vya nyuma miiba, kama tunavyosema miiba ya nungunungu, japo ya nungunungu ni nywele zilizokakamaa. Ukitaka neno moja la kubeba yote lipo, deraya, lile vazi la chuma la askari wa zamani, na linamfaa zaidi ankilosauri ambaye alijazwa mabamba mgongo mzima na mkiani kabeba rungu la mfupa.

Kuhusu "ndugu wake" hapo umeteleza. Huyu ni ndugu yake, wakiwa wengi ndugu zake. Majina ya jamaa yanafuata mtindo wao: rafiki zangu, binamu zake, hata kama kitenzi kinabaki walikuja. Ila stegosauri na ankilosauri usiwaweke mkao mmoja. Stegosauri wa Marekani ni ndugu wa karibu, waliishi zama zilezile, miaka kama milioni 150 iliyopita. Ankilosauri mwenyewe alikuja mwishoni kabisa, miaka milioni 80 na ushee baadaye, yaani yuko karibu zaidi na wewe unayesoma kuliko na kentrosauri! Wala usimwite mjukuu, hakuzaliwa na hao, ni matawi mawili ya ukoo mmoja wa wenye deraya. Wengine wanaandika binamu, mi nasita kidogo, kwetu binamu ni mtoto wa mjomba au shangazi, wa baba mkubwa ni ndugu tu, na hawa nani atatuambia wamekutana upande gani? Andika "jamaa yake wa mbali" yaishe.

Mwisho, kwenye jina shikilia K. Mjerumani Edwin Hennig alimpa jina Kentrosaurus mwaka 1915 kutoka neno la Kigiriki la ncha kali, wakati Kanada tayari alikuwepo Centrosaurus tangu 1904, neno hilohilo, wakatofautiana herufi moja tu. Ukiandika sentrosauri umeshahama Lindi, watoto watamchora mnyama mwenye pembe puani.