AB siyo a kutoa b! Mimi hiyo ilinichimbisha mihogo ya watu

Hapana hapana hapana. Futa hiyo kabla hujafika mbali. Umeandika A ni (3, 1), B ni (8, 4), halafu ukasema vekta AB, yaani mshale wa kutoka A kwenda B, ni a kutoa b (a na b ni mishale ya kutoka O, yaani (0, 0), kwenda A na B) ukapata (−5, −3), na sasa unataka tukuonyeshe namna ya kuichora na kutafuta pembe kati ya a na b. Pembe tutafika. Kwanza hiyo (−5, −3) yako ndiyo iliyoniaibisha mimi kule Mukono, Uganda, mbele ya vibarua wanne na bibi mwenye panga.

Najua umeitoa wapi. Kuna mtu kakwambia "A imetangulia, anza na a". Mwalimu wangu wa S.3 (kidato cha tatu) alisema hivyo hivyo, na pamfleti niliyonunua kwenye teksi paki, yaani stendi ya teksi, imerudufiwa mpaka 3 na 8 hazitofautiani, nayo ikasema hivyo hivyo. Mwalimu ukimuuliza kwa nini, anakujibu "andika tu, mtihani hauulizi kwa nini". Sawa mwalimu, mtihani haukuuliza, ila jajja, huyo bibi mwenye panga, aliuliza.

Ilikuwa hivi. Nimemaliza shule, nashika tepu kwa bosi mmoja wa ujenzi, siku hiyo kasafiri kaniachia namba kwenye karatasi: jiwe la mpaka, tuite A, tarakimu za mwisho za mita zake ni 210 kwa mashariki na 640 kwa kaskazini, na kona ya kwanza ya nyumba, B, 222 na 635. Kazi yangu ni kutoka kwenye jiwe nifike kwenye kona, basi. Nikafanya kama wewe, a kutoa b: 210 toa 222 ni −12, 640 toa 635 ni 5, kwa hiyo mita 12 magharibi na mita 5 kaskazini. Tena nikahakiki, msinione mjinga kiasi hicho! 144 jumlisha 25 ni 169, kipeuo chake cha pili 13, ramani inasema mita 13, tepu inasema mita 13, nikajiona injinia kabisa nikawaambia vijana chimbeni.

Sasa angalia. Jibu sahihi lilikuwa b kutoa a, yaani (12, −5), mita 12 mashariki na 5 kusini. Urefu wake? 13! Ule ule! Ndiyo maana kosa hili ni baya kuliko yote kwenye kutoa vekta, ukihakiki kwa urefu linakuchekea tu, mshale ni sawa ila umegeuka kichwa chini. Ni kama mtu anakwenda Jinja kutoka Kampala anapanda gari la Mityana, nauli haipishani sana, barabara nzuri, anasinzia vizuri tu.

Na lile jiwe lilikuwa kona ya kaskazini magharibi ya kiwanja, kwa hiyo magharibi yake ni kwa watu. Siku mbili vijana wamechimba msingi kwenye mihogo. Jajja alikuwa kwenye msiba, karudi siku ya tatu asubuhi na panga, anauliza kaburi hili ni la nani. Banange! Laki mbili za vibarua, laki tatu za mihogo na migomba, zote zikakatwa kwangu. Nilikula muhogo wa kulipia mwezi mzima, angalau ulikuwa mtamu.

Kwa hiyo shika hii moja tu: UNAKOFIKA TOA UNAKOTOKA. Herufi gani imetangulia haikuhusu. AB unafika B, anza na b. Yako ni 8 toa 3, 4 toa 1, ni (5, 3). Kisha hakiki kwa kujumlisha, siyo kwa urefu: simama kwenye A, ongeza jibu, lazima utue B. 3 na 5 ni 8, 1 na 3 ni 4, umefika. Hiyo yako (3, 1) ukiongeza (−5, −3) unatua (−2, −2), huko kuna mihogo ya nani?

Kuchora ni hivyo hivyo. Chora a na b zote mkia uwe kwenye O, halafu unganisha ncha kwa ncha. Mstari ni huo huo mmoja, kinachobadilika ni kichwa cha mshale tu: b kutoa a kichwa kinakaa kwa b, a kutoa b kinakaa kwa a. Wengi hapa wanachora ulalo wa msambamba (mstari wa kona kwa kona wa umbo la pande nne linalotengenezwa na a na b) unaoanzia O, huo ni wa kujumlisha, ukiuona kwenye karatasi yako ya kutoa ujue umepotea. Na namba ikiwa hasi weka mabano, 3 toa (−2) ni 5 siyo 1, hiyo unaijua.

Chukua karatasi ya miraba sasa hivi, weka penseli kwenye (3, 1), miraba 5 kulia, 3 juu. Ukitua kwenye (8, 4) niambie, ndipo twende kwenye pembe.